Unaumwa miezi na miezi, vipimo vinatoka safi: mwongozo kamili wa kutafuta ugonjwa wako bila kuzunguka

Swali ni lile lile kila siku: naumwa mwaka wa pili sasa, nimezunguka hospitali zote, kila nikipima naambiwa niko sawa, nifanyeje. Nikimuuliza mtu majibu yake ya vipimo yako wapi, hana. Dawa alizotumia? Hakumbuki, kulikuwa na vidonge vyeupe na vingine vya rangi mbili. Daktari wa kwanza aliandika nini? Cheti kilipotea. Hapo ndo pa kuanzia, maana kila hospitali mpya inaanza na wewe sifuri, na ukianza sifuri unapimwa malaria, taifodi na mkojo, unapewa dozi, unarudi nyumbani, baada ya mwezi uko pale pale na hela imekwisha.

Mwongozo huu haukwambii unaumwa nini. Unakusaidia uingie kwa daktari ukiwa na kitu cha kumpa mkononi, ili zile dakika chache anazokuwa na wewe azitumie kufikiri badala ya kukuuliza ilianza lini.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja gumu, kaunta buku ndogo inatosha. Karatasi za kuchana chana zinapotea.
- Faili la plastiki lenye mifuko, la kuwekea vyeti, majibu na picha za eksirei.
- Kipimajoto cha kwapani.
- Mashine ya presha ya kufunga kwenye mkono wa juu. Kama huna, azima, au nenda famasi ya jirani wakupime. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi mkono ukikaa vibaya.
- Simu yenye kamera.
- Mtu mmoja wa kwenda naye, anayejua kusikiliza na asiyeongea kwa niaba yako.

Onyo kabla hujaanza. Kuna dalili hazisubiri daftari wala wiki mbili. Maumivu ya kifua yanayobana, kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, kuzimia, upande mmoja wa mwili au mdomo kulegea ghafla, kichwa kikali kilichokuja ghafla hujawahi kukipata maishani, choo cheusi kama lami au kutapika damu, homa na shingo kukakamaa, degedege kwa mtu mzima. Hizo nenda leo, mapokezi ya dharura. Nyingine sio za leo leo ila ni za wiki hii: uzito unashuka bila kujinyima, jasho la usiku la kulowesha shuka, uvimbe usiokuwepo zamani, damu ukeni baada ya kukoma hedhi, kikohozi cha wiki mbili au zaidi.

## Hatua ya 1: Kusanya karatasi zote ulizonazo

Toa kila kitu kwenye pochi, droo, chini ya godoro. Panga kwa tarehe, ya zamani chini. Kila karatasi ipige picha uiweke kwenye folda yake kwenye simu, maana zile risiti za maabara zinafutika wino ndani ya miezi.

Majibu ambayo huna, rudi ulikopimia uombe kopi. Waambie tu kistaarabu, "Samahani dada, nilipima hapa mwezi wa nane, naomba kopi ya majibu, naenda kuonana na daktari bingwa." Hospitali nyingi siku hizi zina mfumo wa kompyuta, wanakuchapia. Sehemu nyingine watakuzungusha, vumilia.

Kwanini? Kwa sababu namba ya leo peke yake haisemi mengi. Kiwango chako cha damu (Hb) kikiwa 11.5 leo daktari anaweza asishtuke, lakini akiona mwaka jana kilikuwa 13.8 na mwezi wa sita 12.6, hapo kuna kitu kinaendelea na ataanza kutafuta damu inapopotelea.

*Umefanikiwa kama:* mtu mwingine akifungua faili lako anaweza kusema ulipimwa nini, lini, wapi, bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Wiki mbili za kuandika

Usiandike insha. Kila siku mistari minne mitano: umelala saa ngapi umeamka saa ngapi, dalili iliyokusumbua zaidi na ukali wake kutoka 0 mpaka 10, ilianza saa ngapi, ulikuwa umefanya nini kabla yake, umekula nini kama tatizo ni la tumbo, umemeza dawa gani. Wanawake waandike na siku ya mzunguko, hii msiiruke, maumivu ya tumbo, kiuno, hata ya kwenda haja kubwa yanayofuata hedhi yanaweza kuwa endometriosisi (nyama za ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi) na wengi wanatibiwa "PID sugu", yaani maambukizi ya kizazi, miaka bila mtu kuuliza kalenda.

Halafu pima. Hapa ndo wengi mnafeli. Mtu anasema ana "homa za ndani" mwaka mzima na hajawahi kuweka kipimajoto kwapani. Weka asubuhi na jioni, kabla ya kumeza panadol, andika namba. Ikifika 38 au kuzidi mara kwa mara hiyo ni homa kweli na inatafutwa kwa njia yake. Isipofika, bado unaumwa, hakuna aliyesema unadanganya, ila daktari sasa anajua atafute upande mwingine.

Uzito mara moja kwa wiki, mizani ile ile, nguo zile zile.

Wenye kizunguzungu, kuchoka wakisimama, moyo kwenda mbio, fanyeni hiki kipimo cha nyumbani: lala chali dakika 10, pima presha na mapigo. Simama, pima tena dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10 bila kutembea tembea. Ile namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, au mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko bila presha kushuka, hiyo ni taarifa ya maana sana. Inaweza kuwa upungufu wa maji, damu kidogo, dawa za presha zimezidi, au tatizo la mishipa ya fahamu inayoendesha moyo. Usifanye peke yako kama huwa unaanguka, na ukiona giza linakuja kaa chini, achana na namba.

*Umefanikiwa kama:* ukisoma siku zote 14 unaona mpangilio wowote. Asubuhi mbaya jioni nafuu. Au nafuu Jumapili, mbaya Jumatatu. Au leo nimefua, kesho kutwa siinuki kitandani.

## Hatua ya 3: Andika kila kinachoingia mwilini, hata cha aibu

Sio dawa za hospitali tu. Mitishamba, vidonge vinavyouzwa kwenye mikutano ya biashara na semina, chai za kupunguza tumbo, mirungi, pombe, vinywaji vya enejii, vyote. Daktari hatakushangaa, ameshaona zaidi ya hayo.

Nataka nikae hapa kidogo maana nimeona watu wakitafuta ugonjwa ambao wanaununua wenyewe dukani.

Dawa za kunenepa na kuongeza shepu: zipo zinazouzwa bila lebo zenye dexamethasone au prednisolone, yaani dawa za steroidi. Uso unakuwa mviringo, sukari na presha zinapanda, misuli ya mapaja inaisha nguvu. Na ubaya zaidi, ukiitumia muda mrefu halafu ukaacha ghafla, mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake, unaishiwa nguvu, unatapika, presha inashuka mpaka mtu anapoteza maisha. Usiache mwenyewe kimya kimya, mwambie daktari akushushe taratibu.

Mkorogo na krimu za kung'arisha: zipo zenye zebaki, na zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, zipo pia zenye steroidi kali zinazoingia kupitia ngozi.

Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotin vinaweza kuvuruga kipimo cha tezi ya shingo ukapewa majibu ya uongo. Acha angalau siku 2 kabla ya kupima na uwaambie maabara.

Wenye sukari wanaokunywa metformin miaka na sasa nyayo zinawaka au zimekufa ganzi, sio lazima iwe sukari peke yake, metformin inashusha vitamini B12. Uliza kipimo chake.

Na wale wa kichwa kila siku: ukimeza dawa za kutuliza maumivu za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi wa tatu mfululizo, dawa yenyewe inaweza kuwa ndo inaleta kichwa. Zile zilizochanganywa, za vidonge vyenye kafeini au kodeini ndani, siku 10 zinatosha kufanya hivyo.

## Hatua ya 4: Chuja magonjwa uliyobandikwa

Kwa kila ugonjwa ulioambiwa unao, andika vitu vitatu: nani alisema, kwa kipimo gani, na dawa ilisaidia au haikusaidia. Utashangaa.

Taifodi. Ukiambiwa una taifodi mara nne kwa mwaka, karibu hakika ulipimwa Widal, kile kipimo cha tone la damu kinachoandikwa 1:80, 1:160. Kinatafuta askari wa mwili (kingamwili), sio bakteria mwenyewe, na hao wanaweza kubaki kwenye damu miezi baada ya kupona, au kujitokeza kwa maambukizi mengine kabisa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, yaani kuiweka waone kama bakteria wataota, na inatakiwa itolewe kabla ya kuanza antibayotiki. Ukishameza vidonge siku tatu ndo ukaenda kuotesha, usishangae kisiote kitu.

Malaria. Kile kipimo cha haraka cha kitone kidoleni kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo ukirudia rudia omba cha hadubini. Na ujue jinsi jina hili linavyotumika ovyo: utafiti uliofanyika Moshi 2007 hadi 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa, asilimia 60.7 waliandikiwa malaria, walipochunguzwa vizuri waliokuwa wanaumwa malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Karibu robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, kama brusela, leptospira na homa ya Q. Kwa hiyo kama unafuga, unakunywa maziwa yasiyochemshwa, unachinja au unazalisha mbuzi, na una homa za kuja na kuondoka, jasho na viungo kuuma, litaje hilo hata kama hujaulizwa.

UTI sugu. Usaha kwenye mkojo sio lazima iwe UTI. Mkojo uliokingwa vibaya ukachanganyika na uchafu wa ukeni unatoa majibu hayo hayo. Jisafishe, mkojo wa kwanza mwaga, kinga wa katikati, uoteshwe kabla ya dawa. Ukioteshwa haioti kitu na usaha bado upo, kuna klamidia, kuna TB ya njia ya mkojo, na kwa waliokulia Kanda ya Ziwa, Pwani, Unguja na Pemba kuna kichocho. Kichocho cha mkojo kinatafutwa kwenye mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndo mayai yanatoka kwa wingi. Kwa wanawake kinaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi kikaleta damu, uchafu na maumivu, na mtu anapewa dawa za magonjwa ya zinaa mpaka ndoa inavunjika.

Vidonda vya tumbo. Kipimo cha damu cha H. pylori, bakteria anayeleta vidonda, hakitofautishi bakteria wa sasa na wa zamani. Cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe ni bora, ila acha omeprazole na ndugu zake (dawa za kupunguza asidi tumboni) wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4 kabla, la sivyo kinatoka safi cha uongo. Kama daktari alikuandikia omeprazole kwa sababu uliwahi kutoka damu, usiache bila kumuuliza.

*Umefanikiwa kama:* umebaki na orodha mbili, magonjwa yaliyothibitishwa na magonjwa ya "inaonekana kama". Ya pili ndo itakuwa ndefu.

## Hatua ya 5: Karatasi moja, upande mmoja

Hii ndo silaha yako. Daktari mwenye foleni ya watu arobaini hasomi daftari. Mfano wa karatasi nzuri:

> Mwanamke, 34, napika chakula sokoni. Watoto 2, wa mwisho alizaliwa Januari 2024.
> Tatizo kubwa: vidole vya mikono kuuma na kukaza asubuhi, zaidi ya saa nzima, mikono yote miwili. La pili: uchovu mkali.
> Ilianza: Machi 2024, miezi miwili baada ya kujifungua. Inaongezeka.
> Kabla ya hapo: mzima, sikuwahi kulazwa.
> Nimetibiwa: taifodi mara 4 (Widal), UTI mara 3 (haikuoteshwa). Hakuna nafuu.
> Diclofenac inanipa nafuu masaa machache.
> Natumia: diclofenac karibu kila siku, uzazi wa mpango wa kijiti.
> Familia: mama ana goita.
> Nimeshindwa: kukanda unga, kufua, kufunga vifungo vya mtoto.
> Naogopa: kupooza.

Ona kilichotokea. Mtu huyu angesema "dokta mwili wote unauma na nachoka" angetoka na panadol. Lakini vidole vya mikono yote, kukaza asubuhi saa nzima, kuanza baada ya uzazi, tezi kwenye familia, hapo daktari anayejua kazi yake anawaza baridi yabisi na tezi ya shingo bila kuambiwa. Na ile diclofenac ya kila siku itamfanya apime na figo.

Mstari wa "nimeshindwa" usiuache. Uchovu kila mtu anao. Kushindwa kufunga vifungo sio kila mtu.

## Hatua ya 6: Chagua daktari mmoja, ubaki naye

Kama dalili ziko sehemu nyingi za mwili, usianze na bingwa wa mifupa leo, wa tumbo kesho, wa moyo mwezi ujao. Anza na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, ndo kazi yake kuunganisha vipande. Wapo hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na huko juu kuna KCMC, Bugando, Mbeya, Benjamin Mkapa, Muhimbili. Mwenye bima aulize mapema utaratibu wa rufaa, ukiruka ngazi unaweza kulipa mfukoni.

Mpe nafasi, tuseme klinik tatu nne. Hama kama hakusikilizi, hagusi mwili wako kabisa, au anarudia dozi ile ile iliyoshindwa. Usihame kwa sababu tu hajapata jibu siku ya kwanza.

## Hatua ya 7: Ndani ya chumba

Salimia, kaa, mpe karatasi. "Shikamoo dokta. Nimeandika kwa kifupi ili nisisahau, naomba upitie halafu uniulize." Basi. Nyamaza asome. Usianze na "nimesoma gugo nina lupasi" (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe), hata kama ni kweli, utamfunga.

Kabla hujatoka uliza haya:

"Dokta, kwa sasa unawaza nini, na nini kingine kinaweza kuwa?"

"Kipimo hiki tunatafuta nini, na kikitoka safi tunafuata njia gani?" Hili la pili ndo muhimu kuliko yote, maana ndo linalozuia ile hali ya majibu kutoka safi na wewe kuachwa njia panda.

"Nikiona dalili gani nirudi bila kusubiri tarehe?"

Akisema ni stress. Inauma, najua. Lakini sikia, sonona na wasiwasi vinaumiza mwili kweli kweli, sio maigizo, na pia ni kweli kwamba neno hili linatumika kumaliza foleni. Usigombane. Sema, "Sawa dokta, niko tayari tulifanyie kazi hilo. Naomba tuliandike kama ugonjwa, nianze matibabu yake, na tupange tarehe ya kuangalia kama dalili za mwili zimepungua. Zisipopungua tufanye nini?" Daktari mzuri atakubali. Atakayekasirika, umeshamjua.

## Hatua ya 8: Vipimo vya msingi, kwa swali

Vya kuanzia kwa mtu wa uchovu na maumivu yasiyojulikana kawaida ni picha nzima ya damu, ESR au CRP (vipimo vya damu) kuona kama mwili unapambana na kitu ndani, sukari, figo, ini, TSH ya tezi, mkojo, na VVU. Cha VVU msikikwepe, watu wanazunguka miaka kwa kukwepa kipimo cha dakika ishirini. TB pia haikai kifuani tu, inakaa mgongoni, kwenye tezi za limfu, tumboni, na vituo vya serikali matibabu yake ni bure.

Msinunue "chekapu ya mwili mzima". Viwango vya kawaida vya maabara vimewekwa kwa namna ambayo katika watu wazima wa afya 100, watano wanatoka nje ya mstari. Pima vitu 20 bila swali, uwezekano wa angalau kimoja kutoka vibaya ukiwa mzima kabisa ni kama asilimia 64, halafu unaanza kutibu karatasi. Kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe, ndo kinatisha watu hivi, kuna wazima wengi tu kinatoka positivu kwa kiwango kidogo.

Na ile mashine ya kushika chuma mkononi ikatoa kurasa za majibu ya ini, figo na uti wa mgongo dakika hiyo hiyo, pembeni kuna mtu anauza virutubisho: hiyo haipimi chochote. Weka hela yako ya kuotesha damu.

## Hatua ya 9: Kuishi huku unasubiri

Kama daftari linaonyesha ukijituma leo unaanguka kesho au kesho kutwa, usijilazimishe mazoezi kwa sababu shangazi amesema mwili unataka kuchangamshwa. Kuna ugonjwa wa uchovu sugu wa namna hiyo hiyo, wengine umewaanza baada ya UVIKO, na Uingereza mwaka 2021 waliondoa kwenye mwongozo wao ushauri wa kuongeza mazoezi hatua kwa hatua kwa wagonjwa hawa. Gawa kazi, pumzika kabla hujachoka, kaa kwenye kigoda ukipika, fua nguo chache kila siku badala ya beseni zima Jumamosi.

Paracetamol isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa masaa 24, kwa mtu mzima mwenye ini zima. Diclofenac na ibuprofen za kila siku usizinunue kama karanga.

Kazini, omba daktari akuandikie ED (ruhusa ya kupumzika kazi) au barua ya kazi nyepesi yenye tarehe. Maneno ya mdomo bosi anayasahau.

Nyumbani watasema umerogwa, una jini mahaba, umewekewa kitu. Sipigani na imani ya mtu. Omba, ombewa, somewa, ila mambo mawili yasiguswe: dawa uliyoandikiwa usiache kwa sababu mtu amesema umepona, na chochote cha kunywa unachopewa kinaingia kwenye orodha ya hatua ya 3. Mitishamba mingine inaumiza ini na daktari atahangaika kutafuta homa ya ini isiyokuwepo.

## Hatua ya 10: Jibu lisipopatikana

Kuna magonjwa yanachukua miaka kujionyesha, lupasi inaweza kuanza na viungo leo, figo zikafuata baadaye, kwa hiyo "hatujui bado" mara nyingine ndo jibu la ukweli la siku hiyo. Omba daktari aandike kwenye faili kipi kimeondolewa na kwa kipimo gani, na tarehe ya kurudi, miezi mitatu kwa wengi inatosha. Ukirudi usirudie stori yote, anza na kilichobadilika: dalili mpya, uzito, kitu ulichoweza zamani ambacho sasa huwezi.

Piga picha kila kinachoonekana na kuondoka, vipele, kiungo kilichovimba, vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi, mkojo wenye rangi ya chai. Siku ya klinik huwa havipo. Kisha andika upya ile karatasi moja, weka tarehe juu, ya zamani irudishe nyuma kwenye faili.